Fyuzi ya laita ikiungua kila mara, usiifunge kwa karatasi ya sigara

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, tumeipita Mlandizi kidogo, nilipohisi gari linavuta upande wa kushoto. Nilikuwa peke yangu na watoto wawili, binti wa miaka sita na mdogo wake wa miaka mitatu, tunakwenda Morogoro kwa bibi yao. Nikaegesha nje ya barabara karibu na vibanda vya wauza matunda, nikashuka kuangalia. Tairi la mbele lilikuwa limepungua upepo, ila halijaisha. Sikuwa na wasiwasi, maana nina ile pampu ndogo ya umeme inayochomekwa kwenye gari.

Tatizo lilikuwa pa kuichomeka. Kwenye tundu la laita, lile la mviringo lililowekwa zamani kwa ajili ya kuwashia sigara, tayari palikuwa na ekstensheni ya matundu matatu niliyoinunua kwa kijana mmoja kwenye foleni ya Ubungo. Tundu la kwanza lilikuwa na simu yangu, la pili kishikwambi cha watoto. La tatu nikachomeka pampu. Ekstensheni ilikuwa inachezacheza, nikaisukuma ndani kwa kiganja hadi ikakaza. Pampu ikanguruma kama nusu dakika, kisha kimya. Redio nayo kimya. Nikajaribu vioo vya pembeni, havikusogea.

Nikasema potelea mbali, upepo ulioingia utanifikisha kwenye kituo cha mafuta. Injini ikawaka bila shida, lakini gia haikutoka kwenye P. Nimekanyaga breki, nimebonyeza, nimevuta, haitoki. Jua linashuka, watoto wameanza kulalamika njaa, na gari zima halisogei kwa sababu ya pampu ya upepo!

Kijana mmoja kutoka kwenye vibanda akaja. "Dada, hiyo ni fyuzi tu," akasema, na alikuwa sahihi. Akainama chini ya usukani, akafungua kifuniko, akatoa kidude kidogo cha buluu, akakiinua juu kutazama. Halafu akatoa pakiti ya sigara mfukoni, akachana ile karatasi ya ndani inayong'aa, akaizungusha kwenye miguu ya fyuzi, akairudisha mahali pake. Redio ikawaka. Gia ikatoka. Pampu ikajaza tairi. Nikampa shilingi 2,000 na nikamshukuru kwa moyo wote.

Tulikuwa tumeipita Chalinze, giza linaingia, binti yangu akasema kutoka nyuma: "Mama, kunanuka kama saluni."

Alimaanisha harufu ya nywele zinapochomwa na pasi. Nami nikaisikia, harufu ya plastiki inayoungua. Kisha nikaona moshi mwembamba ukitoka pembeni ya kisahani cha majivu, chini kidogo ya tundu la laita. Nikasimama, nikazima gari, nikawatoa watoto kwa mlango wa upande wa majani na kuwapeleka mbali na barabara. Dereva wa lori lililokuwa limeegeshwa mbele yetu alikuja mbio na spana namba kumi, akafungua boneti na kuchomoa waya wa hasi kwenye betri. Moshi ukakatika. Usiku ule kaka yangu alitufuata, gari likavutwa hadi Morogoro.

Asubuhi nikaenda kwa fundi umeme wa magari, mzee ambaye familia yetu imemtumia kwa miaka mingi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mama. Nani alikufungia hii karatasi?"

Nikamweleza. Hakusema kitu. Akafungua paneli, akatoa tundu zima la laita, akaligeuza na kuligonga kwenye kiganja. Kikadondoka kibanio cha nywele cha chuma, kile chembamba cheusi. Binti yangu alikitambua papo hapo. "Hicho changu!" Kumbe kwa wiki kadhaa alikuwa analifanya tundu lile benki yake.

Fyuzi inalinda waya

Wengi wetu tunadhani fyuzi imewekwa ili simu au pampu isiharibike. Mzee yule alinisahihisha. Fyuzi inalinda waya unaotoka kwenye kisanduku cha fyuzi hadi kwenye tundu. Waya ule unapita nyuma ya dashibodi, pengine chini ya zulia, na kwenye magari yenye tundu la nyuma unapita karibu kabisa na miguu ya watoto. Unene wake umepimwa ubebe kiasi fulani cha umeme. Ukizidi, waya unapata joto, plastiki yake inalainika, inayeyuka, na hapo moto unaweza kuanza mahali usipopaona. Fyuzi ina kipande chembamba cha chuma kilichotengenezwa kiyeyuke kwanza, kabla waya haujafika huko.

Karatasi ya sigara, uzi wa shaba uliochunwa kwenye waya, au fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa, vyote vinaiondoa hiyo sehemu ya kukatika. Umeme unaendelea kupita, na sasa kitakachoyeyuka ni waya wenyewe. Ndicho kilichonipata. Kibanio kilikuwa kimelala ndani ya tundu. Nilipoisukuma ekstensheni kwa kiganja nilikikandamiza hadi kikagusa pini ya katikati na ukuta wa tundu kwa wakati mmoja, fyuzi ikakatika kama inavyotakiwa. Baadaye, kila gari lilipoyumba, kibanio kiligusa na kuachia, kiligusa na kuachia, na safari hii hapakuwa na kitu cha kukata umeme.

Ukiangalia ndani ya tundu la laita utaelewa ni kwa nini ni hatari namna ile. Ile pini ya katikati, kule chini kabisa, ndiyo chanya. Ukuta wa pembeni, ule wa chuma unaozunguka, ni hasi, umeunganishwa na bodi ya gari. Nafasi kati ya viwili hivyo ni ndogo. Kibanio, hereni, pini ya karatasi, karatasi ya pipi inayong'aa, sarafu ndogo ikiingia kwa ubavu, chochote cha chuma kinatosha kupiga shoti. Kwenye baadhi ya magari tundu hilo huwa na umeme hata funguo ukiwa umeutoa, kwa hiyo usidhani mtoto anayechezea gari lililozimwa yuko salama.

Anza na tochi ya simu

Siku tundu lako likifa, ukikimbilia fyuzi mpya moja kwa moja utaiunguza na hiyo pia. Zima gari, toa funguo, chomoa kila kitu kilichoko kwenye tundu, kisha mulika ndani kwa tochi ya simu. Ukiona kitu cha chuma, usikitoe kwa bisibisi wala kwa koleo la chuma kabla hujaitoa fyuzi ya tundu hilo, kwa sababu chombo chako kinaweza kupiga shoti ileile.

Tazama pia ncha ya chaja yako. Chaja nyingi za gari zina ncha ya chuma mbele yenye kofia inayofunguka kwa kuzungushwa. Kwa mitikisiko ya barabara zetu ile kofia hulegea, na siku moja unachomoa chaja, kofia na springi yake vinabaki ndani ya tundu. Ukichomeka kitu kingine, shoti. Ukiona chaja yako haina ncha, usihangaike sana kutafuta mchawi.

Hapohapo kwenye ncha kuna jambo ambalo limewapotezea watu pesa bure. Plagi nyingi za pampu na ekstensheni zina fyuzi yao ndogo ya kioo, iliyojificha chini ya ile kofia. Kama tundu linachaji simu vizuri kwa chaja nyingine lakini pampu haifanyi kazi, fyuzi ya gari ni nzima. Zungusha kofia ya plagi ya pampu taratibu, ukiishikilia isiruke na springi yake, utaona kibomba cha kioo chenye uzi ndani. Uzi ukiwa umekatika, tafuta cha namba ileile. Hiyo ni kazi ya dakika tano mezani nyumbani.

Kama tundu limekufa kwa kila kifaa, sasa nenda kwenye kisanduku cha fyuzi. Kwenye magari mengi ya Kijapani tunayoendesha kiko chini ya dashibodi upande wa dereva, karibu na goti, au nyuma ya droo ya abiria. Kuna kingine chini ya boneti karibu na betri. Mchoro unaoonyesha fyuzi ipi ni ya nini huwa upande wa ndani wa kifuniko. Gari likiwa limetoka moja kwa moja Japani, mchoro unaweza kuwa na maandishi ya Kijapani, lakini vifupisho vingi huwa kwa herufi tunazozijua. Tafuta CIG, P/OUTLET, PWR OUTLET au ACC. Pasipoeleweka, programu ya kutafsiri kwa kamera ya simu inasaidia. Piga picha mchoro huo leo, gari likiwa zima, uiweke kwenye simu. Kuusoma gizani huku mtoto analia ni kazi nyingine kabisa.

Fyuzi huchomolewa kwa koleo dogo la plastiki ambalo mara nyingi limebanwa ndani ya kifuniko cha kisanduku cha chini ya boneti, na pembeni yake huenda kuna fyuzi za akiba alizoacha mtengenezaji. Nasema huenda, kwa sababu gari likishapita mikono mitatu akiba hizo huwa zimeshatumika. Chomoa fyuzi, iinue kwenye mwanga. Ile chembechembe ya chuma katikati ikiwa imeunganika, ni nzima. Ikiwa imekatika, imeungua. Na namna ilivyoungua inasema kitu: mara nyingi fyuzi iliyokatika kwa shoti huwa na weusi au matone ya chuma yaliyorukia plastiki, ilhali iliyozidiwa mzigo polepole hukatika kwa utulivu katikati, plastiki ikabaki safi. Si kipimo cha maabara, lakini fundi wangu huiangalia kabla ya kuuliza swali lolote.

Unapoweka mpya, fuata namba. Rangi zinasaidia kwa sababu ni zilezile karibu kila mahali: 5 ni kahawia hafifu, 7.5 ni kahawia, 10 ni nyekundu, 15 ni buluu, 20 ni njano, 25 ni nyeupe angavu, 30 ni kijani. Namba hizo ni ampea. Fyuzi ya tundu la laita kwenye magari mengi ya familia ni ya 15, ya buluu, lakini inayotawala ni namba iliyoandikwa kwenye mchoro wa gari lako. Usifuate ile uliyoikuta imechomekwa, maana hujui aliyekutangulia aliweka nini. Mimi nilipokagua gari letu baada ya mkasa ule nilikuta ya 30 kwenye nafasi nyingine kabisa, na mchoro unasema 10. Tumeendesha hivyo tangu tulinunue.

Angalia pia umbo. Zipo kubwa, ndogo, na ndogo fupi, na haziingiliani. Peleka ya zamani kwa muuza spea akulinganishie. Wengi huuza moja moja, na bei yake haiumizi.

Jaribu kimoja kimoja

Fyuzi mpya ikishaingia, usichomeke chochote kwanza. Zungusha funguo hatua ya kwanza, redio iwake, injini ikiwa imezimwa. Kwa magari ya kitufe, bonyeza kitufe bila kukanyaga breki. Subiri dakika kadhaa, kisha itazame fyuzi tena.

Ikiwa nzima, chomeka chaja ya simu peke yake. Ikidumu, itoe, weka kishikwambi. Kisha pampu, injini ikiwa inanguruma ili usimalize betri. Kifaa kitakachoikata fyuzi mara tu kinapoingia, hicho ndicho kibovu. Usikijaribu mara ya pili kwenye gari la jirani ili kuhakikisha. Rafiki yangu alifanya hivyo, na urafiki wa jirani ulipoa kwa muda.

Ikiwa kila kifaa peke yake hakina tatizo lakini vikiwa pamoja fyuzi inakatika baada ya dakika kumi au ishirini, hapo umezidisha mzigo. Hesabu yake si ngumu. Gari dogo linatumia umeme wa volti 12. Chukua wati zilizoandikwa kwenye kifaa, gawa kwa 12, utapata ampea. Chaja ya simu ya wati 18 inakula ampea moja na nusu. Jagi la kuchemshia maji la gari la wati 150 linakula ampea 12 na nusu, peke yake. Kofia za matundu mengi huandikwa 120W, yaani ampea 10, na hicho ndicho kiwango cha tundu hata kama fyuzi ni ya 15.

Kwa hiyo ekstensheni yenye matundu matatu haikuongezei umeme hata kidogo. Inaongeza midomo kwenye sahani ileile. Kwenye baadhi ya magari hata tundu la mbele na la nyuma yanatumia fyuzi moja, na mtoto anayechomeka kitu nyuma anakula kwenye fungu la mama aliye mbele.

Pampu za upepo zinahitaji uangalifu zaidi. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kuliko inapokuwa imeshika mwendo, na pampu ndogo zinazouzwa mitaani nyingi ziko kwenye ampea 10 au zaidi kidogo. Chomeka pampu peke yake, moja kwa moja kwenye tundu, bila ekstensheni. Soma muda wa kufanya kazi ulioandikwa kwenye maelezo yake, ukiisha ipumzishe. Kama ina vibanio vya kubana kwenye betri, tumia hivyo, uachane na tundu.

Wazazi wenye watoto wachanga au wenye pumu huniuliza kuhusu inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa gari uwe kama wa nyumbani ili utumie kipasha maziwa au mashine ya mvuke. Inveta yenyewe inapoteza sehemu ya umeme kwa joto, kwa hiyo mashine ya wati 150 inaweza kuvuta ampea 14 kwenye tundu. Hapo uko ukingoni mwa fyuzi na umeshapita kiwango cha 120W kilichoandikwa kwenye kofia. Kama mtoto anategemea mashine hiyo, usiisubiri siku ya shambulio ndipo uijaribu garini. Ijaribu nyumbani gari likiwa limesimama, au tafuta mashine yenye betri yake. Kwa chupa ya maziwa, chupa ya chai yenye maji ya moto haijawahi kuunguza fyuzi ya mtu.

Na kama unapanda au unaendesha Coaster au lori, soma kabla ya kuchomeka. Magari makubwa mengi yana umeme wa volti 24. Chaja nyingi za simu zimeandikwa 12-24V na zitafanya kazi. Pampu ya 12V tu utaiaga palepale.

Ikiungua tundu likiwa tupu

Hapa ndipo mzazi anapaswa kufunga kifuniko na kwenda kwa fundi. Fyuzi mpya, ya namba sahihi, hakuna kitu kwenye tundu, na bado inakatika: maana yake shoti iko kwenye waya, kwenye tundu lenyewe, au kwenye kitu kingine kilichounganishwa na waya huo. Ikikatika kila unapopita kwenye matuta, huenda waya umechubuka mahali na unagusa bodi gari linapotikisika. Kumbuka lini inakatika, umwambie fundi. Ukimwambia "ikikata kona kulia" unampunguzia saa nzima ya kutafuta.

Swali la kwanza atakalouliza fundi mzuri ni kama gari limeongezwa vitu. Kamera ya nyuma, skrini ya watoto, kifaa cha kufuatilia gari, alamu, taa za urembo chini ya viti. Waungaji wengi hupenda kuchota umeme kwenye waya wa laita kwa sababu uko karibu na unapatikana kwa urahisi. Wanachuna, wanasokota, wanafunga kwa tepu. Tepu hiyo kwa joto la Dar es Salaam hulainika, gundi inatoka, waya unabaki uchi nyuma ya redio. Kwenye gari letu fundi alikuta maungio mawili ya namba hiyo. Moja lilikuwa la alamu iliyokufa zamani.

Mwangalie anavyofanya kazi. Fundi anayechukua mita au taa ya kupimia na kufuata waya kutoka fyuzi hadi tundu yuko kwenye njia. Anayechomeka fyuzi, ikakatika, akachomeka kubwa zaidi "tuone kama itashika", mwambie asante, fundi, nitarudi, na usirudi. Wala usione haya kumuuliza ameweka namba ngapi. Nyaya zenye kava la njano kwenye usukani na dashibodi, mwambie asizichokonoe bila sababu. Kwa kawaida hizo ni za mifuko ya hewa ya ajali.

Kwetu alikata kipande cha waya kilichoyeyuka, kama urefu wa mkono, akaweka kingine cha unene uleule, akabadilisha tundu, akarudisha fyuzi ya 15. Yale maungio mawili aliyatoa. Alichukua karibu siku nzima, na sehemu kubwa ya siku ilikwenda kwenye kufungua na kufunga dashibodi.

Bado kuna lile la gia. Kwenye baadhi ya magari ya otomatiki, fyuzi ya laita inahudumia pia redio, vioo vya pembeni, na kile kifaa kinachoifunga gia kwenye P hadi ukanyage breki. Fyuzi ikienda, gia inabaki imefungwa. Watengenezaji walilifikiria hilo. Karibu na gia, kwenye magari mengi, kuna kitufe kidogo kilichoandikwa SHIFT LOCK, au kijitundu chenye kifuniko cha plastiki. Vuta breki ya mkono, kanyaga breki ya mguu, bonyeza kitufe hicho (cha kijitundu unakibonyeza kwa ncha ya kalamu au funguo), kisha peleka gia N. Gari litaweza kusukumwa, au kuwashwa na kuondoka. Kilikuwepo kwenye gari langu siku ile, sentimita chache kutoka kwenye mkono wangu. Kama ningekijua, nisingehitaji karatasi ya sigara ya mtu yeyote.

Ukiona moshi au ukisikia harufu ya plastiki, usiinamishe kichwa chini ya dashibodi kutafuta inakotoka. Simama, zima, toa watoto kwanza, upande usio na magari. Kuchomoa waya wa betri ni kwa mwenye spana na anayejua anachofanya, tena kama boneti haitoi moshi. Kwenye droo yangu sasa kuna fyuzi mbili za 15, mbili za 10, koleo la plastiki, na spana namba kumi imefungwa kwa kitambaa isigongegonge. Ekstensheni ya Ubungo niliitupa. Tundu la laita lina kofia yake, na binti yangu amepewa kopo la plastiki kwa ajili ya vibanio, ingawa juzi nilikuta kimoja kwenye tundu la kupitishia hewa.

Jirani yetu wa ghorofa ya chini nilimsimulia haya yote, akacheka, akanionyesha kwa fahari fyuzi ya kijani aliyowekewa na fundi wa mtaani baada ya ile ya buluu "kumsumbua". Ana watoto watatu, na wadogo wawili hukaa nyuma kwenye tundu la pili. Nilimpa moja ya zile fyuzi zangu za 15. Akasema ataibadilisha Jumamosi. Zimeshapita Jumamosi mbili, na asubuhi hii nimeiona bado iko juu ya dashibodi yake, kwenye kimfuko chake cha nailoni.